Aliyekwangua Chuma Kama Kibuyu

Kila kitu chenye tundu, Helena alikipuliza kwanza kabla ya kukitumia. Mdomo wa birika, pampu ya baiskeli, kifuniko cha kalamu. Alikiweka mdomoni, akapuliza mara moja kwa nguvu, kisha akaingiza kidole chake cha mwisho mpaka kilipokwama na kukizungusha taratibu huku akitazama pembeni, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Siku ya kwanza alipokuja kwenye darasa langu la kisomo cha watu wazima, mwaka 1972, nilimpa kalamu ya wino. Akaifungua, akatoa mrija, akapuliza ganda. Darasa zima likacheka.

"Mama, unatafuta nini humo?" nilimwuliza.

"Sitafuti, Mwalimu. Nahakikisha kama hakuna aliyenitangulia. Kwetu kibuyu ukikiacha siku mbili, unakuta mdudu ameshajenga."

Sikuona raha. Nilidhani ananidharau, au anaidharau kalamu ya serikali. Miaka sita niliyoishi jirani naye sikuwahi kumwona akisahau tendo hilo, hata mbele ya wageni, hata kwenye chai ya msiba.

Alifariki mwezi Mei mwaka huu wa 1979, kwa kichomi. Habari nililetewa hapa Iringa na Jailos, fundi wa magari wa Mwanjelwa huko Mbeya, aliyekuja kutafuta vipuri akanipitia. Tangu siku hiyo situlii. Nasahihisha madaftari ya wanachuo wangu, nasimama, naenda dirishani, narudi. Nimeona afadhali niandike alivyokuwa, kwa sababu waliomjua ni watu wa barabarani, na watu wa barabarani hawaandiki.

Helena alikuwa Msukuma wa Maswa. Mumewe, Nkuba, alikuwa mfugaji, na maisha yao yalikuwa ni kufuata majani. Waliondoka Maswa wakiwa wameoana mwaka mmoja tu. Wakakaa Nzega. Wakakaa porini huko Chunya, karibu na Makongolosi, mpaka mbung'o wakawafukuza. Ndipo wakateremka bonde la Usangu, wakajenga kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kutoka shule niliyokuwa nikifundisha.

"Nyumba nne nimezikandika kwa mikono hii, Mwalimu," aliniambia siku moja akionyesha viganja. "Tatu nimeziacha hazijakauka vizuri. Hii ya nne nataka niione inapasuka kwa uzee."

Sikumwelewa sana wakati ule. Mimi ni mtu wa Rungwe, nimezaliwa penye ukungu na migomba, na nilipopangiwa Usangu baada ya chuo niliona nimetupwa kwenye joto na mbu. Sanduku langu moja la vitabu nilikuwa sijalifungua tangu nifike. Kila mwezi nilitarajia barua ya uhamisho. Yeye alitaka kubaki pale nilipotaka kuondoka. Na labda ndiyo sababu nilikuwa nikienda kwake karibu kila jioni, kukaa kwenye kigoda chake na kutazama barabara.

Nkuba alikuwa amebadilisha sehemu ya ng'ombe wake kwa lori. Lilikuwa la petroli, silinda sita, la zamani kiasi kwamba jina lake lilishafutika kwenye pua. Baada ya mavuno lilibeba mpunga kutoka bondeni kwenda Mbeya mjini. Bondeni lilikwenda vizuri tu. Lakini barabara ya Mbeya inapanda, na likifika mlima wa kuelekea Inyala lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likasimama. Hapo kazi ya Helena ilianza. Alitembea nyuma ya lori na gogo la msufi begani, na kila liliposimama alilisukumiza gogo chini ya gurudumu lisirudi nyuma. Kisha nusu ya magunia yalishushwa pembeni, lori likapanda na nusu iliyobaki, likarudi kuchukua nyingine. Safari ya siku moja ikawa ya siku mbili. Watu wa mabasi waliompita walimpigia kelele: "Mama, mbebe mgongoni!"

Mwezi Julai mwaka 1973 nilikuwa uani kwao, nimepeleka ripoti ya shule ya binti yao Mihayo, Nkuba alipotamka neno. Alikuwapo pia mdogo wake, Limbu, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa ametoka kuangalia malisho ya Rukwa.

"Mama Mihayo," Nkuba alimwambia mkewe, "lori hili limenichosha. Ng'ombe hapandishwi mlima kwa gogo. Mwezi ukiandama tunakwenda Rukwa."

"Majani ya huko yanafika hapa," Limbu alisema, akajigusa kifua.

"Na nyumba?" Helena aliuliza.

"Nyumba ni udongo," Nkuba alisema. "Udongo uko kila mahali."

Helena alikuwa akikamua maji ya nguo. Aliendelea kukamua hata nguo ilipokwisha maji.

"Na lori likipanda?"

"Lipande na nini, shemeji?" Limbu akacheka. "Lina mbawa?"

"Likipanda na magunia sitini. Bila kushusha hata moja. Bila gogo."

Nkuba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye miguu yake ilimwasha. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi.

"Likipanda hivyo, nitakaa. Nimesema mbele ya Mwalimu."

Ilikuwa imebaki wiki tatu mwezi uandame.

Nkuba na Limbu waliondoka kwenda upande wa Ihefu kukusanya ng'ombe. Lori lilikuwa Mwanjelwa kwa fundi Jailos, kubadilishwa gasketi iliyoungua. Mwisho wa wiki mimi nilikuwa na shughuli ofisi ya elimu mjini, tukapanda basi pamoja.

Jailos alikuwa Msafwa mwembamba, mzee wa kanisa, aliyekuwa na gereji ya bati kandokando ya soko. Alikuwa ameshafungua injini. Ile sehemu ya juu, ambayo mafundi wote huiita hedi, ilikuwa juu ya meza, chuma kirefu chenye uzito wa kubebwa na watu wawili, na ubavuni mwake matundu.

"Injini yenyewe si mbovu, mama," Jailos alisema. "Inakabwa. Hapa ndipo hewa na petroli vinapoingia. Hapa ndipo moshi unapotoka. Tazama kulivyo ndani: vinundu, kingo, chuma kimemwagwa ovyo. Bondeni inavumilia. Huku kwetu juu hewa yenyewe ni nyepesi, na hii kidogo inayopatikana inajikwaa mlangoni."

Helena aliinama. Akapuliza tundu la kwanza. Akaingiza kidole cha mwisho, akakizungusha akitazama pembeni.

"Kina nyama," alisema.

"Kina nini?"

"Nyama. Hakikukwanguliwa ndani. Kibuyu cha hivi maziwa yanaoza siku hiyohiyo. Kwa nini hamkukikwangua?"

Jailos alicheka mpaka akavua kofia. "Nani anakwangua chuma, mama? Zamani nilipokuwa kijana huko Iringa nilimfanyia kazi Mgiriki mmoja wa shamba la tumbaku, aliyekuwa na gari la mashindano. Yeye ndiye alikuwa anakaa na hedi mezani, wiki mbili nzima, tupa na msasa, tupa na msasa, kama mwanamke anayechambua mchele. Gari lake lilipanda kama paka. Lakini mimi wiki mbili sina. Nina magari manane hapo nje."

"Mimi ninazo," Helena alisema.

Jailos aliacha kucheka. Alinitazama kama anayeomba msaada, nami nikatazama viatu vyangu. Mwishowe alitoa kwenye sanduku tupa mbili nyembamba za mviringo, mfano wa mkia wa panya, na karatasi za msasa.

"Sikiliza basi. Usipanue. Lainisha tu. Hapa valvu inapokalia usipaguse, tupa ikiteleza hapo tumekwisha. Na kumbuka, nyuma ya ukuta huu yanapita maji ya kupoza."

"Ukuta una unene gani?"

"Anayejua ni Mungu na aliyeumwaga."

Hedi ilirudi Usangu juu ya keria ya basi, imefungwa kwenye gunia. Utingo aliuliza ni maiti ya nani.

Wanawake wa Usukumani husafisha kibuyu kwa mkono usioona. Shingo ya kibuyu ni nyembamba, jicho halifiki ndani; mtu anaingiza waya uliokunjwa, anakwangua nyama iliyokauka, kisha anagonga kwa ukucha nje na kusikiliza. Penye sauti nzito bado kuna nyama, na nyama iliyobaki itaharibu maziwa. Penye sauti nyepesi pamekwisha. Anakwangua mpaka kibuyu kizima kinalia sauti moja. Helena alikuwa amefanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka saba, na hakuona sababu ya kuifanya hedi kwa namna nyingine.

Aliiweka uani juu ya mkeka, akaiosha kwa mafuta ya taa na majivu. Alipasua tete la mtoni kwenye ncha, akabana kipande cha msasa katika mpasuko huo, akaliingiza kwenye tundu la chuma na kulipekecha kati ya viganja, kama watu wa zamani walivyopekecha moto. Penye vinundu alitumia tupa kwanza. Tupa ilijaa unga wa chuma ikawa inateleza, na hapo ndipo nilipoingia mimi: nilikumbuka kwamba seremala wa chuo chetu alipaka tupa yake chaki ili isizibe. Nikamletea chaki za shule. Mwanzoni kipande kimoja, baadaye boksi. Sikuandika popote kwamba nimezitoa.

Chaki hiyohiyo aliitumia kuandika namba. Tulikuwa tumefika namba darasani mwezi ule, na alikuwa akizichukia. Sasa aliandika juu ya kila tundu, ulimi nje: 1, 2, 3, mpaka 12. Alichonga kijiti kinene kiasi cha tundu la kwanza alilolimaliza, na kila tundu lililofuata lilipimwa kwa kijiti kile lisije moja likapumua kuliko jingine. "Ng'ombe wakipita malango yenye upana tofauti wanakanyagana," alisema. Sikujua kama ni kweli kwa ng'ombe. Baadaye Jailos aliniambia ni kweli kwa injini.

Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja wa Kisangu alisimama siku nzima akiegemea fimbo, akaondoka, kesho yake akarudi na wenzake wawili. Wanawake walimwuliza atapika lini. Mihayo alipika. Vidole vya Helena vilikuwa vyeusi hadi kwenye kanisa la Jumapili, na alikohoa unga wa chuma, nikamfunga kitambaa puani, akakitoa kwa sababu hakuweza kupuliza.

Mimi sikuwa na amani kabisa. Siku zilikwenda. Nilikuwa nikisahihisha hesabu nikijikuta nahesabu matundu. Sijui niliogopa nini zaidi, kwamba atashindwa na kuhama, au kwamba atafaulu na mimi nitabaki pale nikimtazama mtu aliyepata alichokitaka.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi alasiri, matundu yote yalikuwa yanang'aa. Alikuwa akiyagonga kwa msumari moja moja. Kwenye namba nne alisimama.

"Hili lina nyama bado. Sikia." Akagonga namba tatu, ikalia. Akagonga sakafu ya namba nne, ikajibu kwa sauti nzito, butu.

"Jailos alisema usipanue," nilimkumbusha.

"Sipanui. Namaliza."

Alichukua tupa akakwangua sehemu ile ile. Akagonga: butu. Akakwangua tena. Nilikuwa nikimsomea barua kutoka kwao Maswa, ndefu, ya majina ya watu waliokufa na waliozaliwa, na barua nzima ilikwisha akiwa angali kwenye namba nne.

Kisha akafanya kama kawaida yake. Aliziba upande wa valvu kwa kiganja, akaweka mdomo kwenye tundu, akapuliza. Kwenye uso wa hedi, mbali kabisa na mdomo wake, kuna matundu madogo ya kupitia maji. Kutoka moja la hayo niliona vumbi la chaki likiruka, kama chafya.

Akapuliza tena. Vumbi likaruka tena.

Hakulia. Alikaa kitako, mikono imelala magotini viganja juu. Mihayo alitokeza jikoni akauliza kama alete maji, akaambiwa aende zake.

"Nimekitoboa," Helena alisema. "Mwalimu, nimekitoboa kibuyu cha watu."

Baadaye tulielewa. Nyuma ya ukuta wa namba nne, katika njia ya maji, miaka mingi ya maji ya mitaroni ilikuwa imeacha tope la kutu, likagandamana kama jiwe. Tope ndilo lililofanya chuma kitoe sauti butu. Yeye alisikia nyama, kumbe ukuta ulikuwa mwembamba kuliko pote. Kwa miaka thelathini sikio lake lilikuwa halijamdanganya, na lilimdanganya siku hiyo moja.

Zilibaki siku sita Nkuba arudi.

Jumatatu sikwenda shule. Niliandika kwamba naumwa. Tuliipandisha hedi kwenye lori la chumvi, tukafika Mwanjelwa saa nne. Jailos aliweka taa ya tochi kwenye tundu, akatazama, akaizima.

"Lehemu," Helena alimwambia.

"Chuma cha kumwaga ukikilehemu kinapasuka mbele na nyuma, mama. Nitakuharibia chote." Alijikuna kidevu. "Dawa yake ni kukitanua kidogo kitobo hicho, nikikate hesi kama ya skrubu, kisha nikaze kizibo cha shaba humo. Shaba inajibana na chuma. Lakini shaba ya unene huo sina, na Mhindi aliyekuwa anaiuza kafunga duka."

Helena alitazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa na kikuku kinene cha shaba, hakikuwahi kutoka mkononi tangu nimfahamu. Alipaka mate, akakisukuma mpaka ngozi ikachubuka, akakiweka mezani.

"Kata."

"Aa, mama. Hiki si kitu cha ndoa?"

"Cha ndoa walikula baba na wajomba. Hiki nilikinunua Nzega kwa maziwa yangu. Kata, mkono haupandi mlima."

Jailos alitikisa kichwa, akasema kitu kwa Kisafwa, akachukua msumeno. Alikata kipande cha ukubwa wa fundo la kidole, akakichonga kikawa cha mviringo, akakikata hesi kwa mkono. Alitoboa kwa keekee, polepole kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akakaza kizibo, akakigonga kidogo kikakaa, akampa Helena tupa.

"Sawazisha wewe. Mimi nina mikono mizito."

Kisha tulitoa tope lote la njia za maji kwa waya, likajaa karai, jekundu. Tukapindua hedi, tukajaza maji, tukaenda kula ndizi na maharage kwa mama mmoja wa sokoni. Helena hakula. Aliweka mikono juu ya meza, na kidole cha mwisho kilikuwa kikizunguka chenyewe kwenye mbao. Tuliporudi Jailos aliingiza kitambaa cheupe ndani ya namba nne, akakitoa. Kilikuwa kikavu.

"Sasa nenda ukasali," alisema. "Mimi nafunga injini."

Nkuba na Limbu walirudi Ijumaa. Limbu alizunguka lori mara mbili.

"Kaka, umeoa mhunzi! Shemeji amekwangua injini. Kesho atatuambia ameikamua lita tatu."

"Wewe pakia magunia," Helena alimwambia. "Sitini. Uhesabu kwa sauti, Mwalimu asikie."

Tuliondoka asubuhi. Mimi nilikaa mbele na Nkuba. Helena alikataa kukaa mbele. Alipanda juu ya magunia nyuma na gogo lake la msufi mapajani. Nkuba aliendesha polepole tangu Igurusi. Barabara ilipoanza kuinuka alibadilisha gia, akainamisha kichwa kuelekea usukani, akisikiliza. Sauti ilikuwa nyingine. Zamani injini ile ililia kama mtu anayesema akiwa na tonge mdomoni. Sasa ilitoa mngurumo mmoja mnene, usiokatika.

Njiani mlimani kulikuwa na mawe na alama za matope mahali ambapo lori lilikuwa likisimama. Tuliyapita ya kwanza. Tukayapita ya pili, pale penye mti uliopigwa radi, ambapo kila safari magunia yalishushwa. Nilijikuta nimeshika mlango kwa mikono miwili. Mlima ulikuwa unazidi, lori lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, nami nilitazama mshale wa joto, ambao sikujua hata kuusoma, nikiona namna unavyopanda, unavyokaribia kona nyekundu, unavyokaa hapo.

"Inakwenda," Nkuba alisema, si kwangu. "We, inakwenda."

Tulipofika juu, penye upepo na mashamba ya pareto, hakusimama. Alipiga honi mara moja tu. Tulipofika Uyole nilishuka nikatazama nyuma. Helena alikuwa amekaa vilevile juu ya magunia, gogo mapajani, uso mweupe kwa vumbi. Limbu alikuwa pembeni yake, amenyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Nkuba alitimiza neno lake. Hakuhama mwaka ule, wala uliofuata. Mwaka 1975 majani ya bondeni yalipopungua, Limbu alikwenda Rukwa na sehemu ya ng'ombe, na Nkuba akawa anakwenda na kurudi. Lakini nyumba ilibaki. Ilikauka, ikapata nyufa, Helena akanionyesha ufa wa kwanza kama mtu anayeonyesha jino la mtoto.

Na uani kwake zilianza kufika hedi nyingine. Jailos alileta ya kwanza, ya basi la Makongolosi lililoshindwa milima ya Chunya. Baada yake madereva walileta wenyewe, zimefungwa kwenye magunia. Alikaa juu ya lile gogo la msufi, kikuku kilichokatwa mkononi, akipekecha tete. Alikuwa na sharti moja: hakugusa tupa kabla ya kutoa tope la maji lote, na kabla ya kupuliza kila tundu.

Nilidhani sasa ametulia. Haikuwa hivyo. Lori lilipoweza kupanda, Nkuba alikuwa hapatikani: leo Mwanjelwa, kesho Idodi, keshokutwa Iringa. Jioni Helena aliacha kazi na kutazama barabara pamoja nami. "Mwalimu, sauti hiyo ni yetu?" alikuwa akiuliza kila lori lilipopita. Aliijua sauti ile kwa mbali kuliko mimi ninavyojua sauti ya mama yangu. Alikuwa amebaki alipotaka, na bado kitu fulani ndani yake kilikuwa kikifunga mizigo. Siku moja nilimwuliza kama anajuta.

"Sijuti," alisema. "Lakini miguu haijajua bado."

Barua yangu ya uhamisho ilifika Januari 1978. Kufundisha chuo, Iringa. Nilikuwa nimeingoja miaka sita, na nilipoisoma nilikaa kitandani bila kuvua viatu. Helena ndiye aliyenifungia mizigo. Hakuna niliyemwona akifunga mizigo kama yeye. Kila kitu ndani ya kingine, hakuna nafasi iliyopotea. Alifika kwenye sanduku la vitabu, akagusa kufuli lenye kutu.

"Hili hukulifungua?"

"Hapana."

Alipuliza mdomo wa birika langu, akaingiza kidole, akalifunga kwa gazeti.

Alikuja nami mpaka Iringa, kwa lori lilelile, na safari hii alikaa mbele, kati yangu na Nkuba. Tulipovuka mto chini ya mji na kuanza kupanda, aliweka kiganja kwenye dashibodi, akafumba macho. Namba nne ilikuwa bado inashika. Tulishusha vitu vyangu Kihesa, kwenye nyumba ya chuo iliyonuka rangi mpya. Nkuba alikuwa ana haraka, alikuwa na mzigo wa kuchukua. Helena alizunguka vyumba vyote viwili, akagonga kuta kwa ukucha, akasikiliza, akaridhika au hakuridhika, sikujua.

Nilimsindikiza nje. Nilitaka kumwambia mengi, nikaishia kumwambia asisahau kusoma. Alipanda, akafunga mlango, akateremsha kioo. Injini ilikuwa imeshawaka. Alinitazama pale nilipokuwa nimesimama kati ya masanduku yangu, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, lenye uchokozi.

"Mwalimu," alisema, "kumbe na ninyi watu wa serikali mnachungwa."